Kadi za Kusomwa kwa Vidole

Sehemu ya Saba

Mlango wa duka ukafunguka.

Nilikuacha wiki nzima na mlango huo nusu wazi, msomaji wangu, na najua umenisema vibaya jikoni na kazini. Haya, sasa umefunguka wote. Ingia nami.

Fundi Kadi alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la vitabu, kidole chake ndani ya kadi. Kadi ya kuku. Haikuwa ya kufanana na yake. Ilikuwa yake, ile ile, ya kwanza kabisa aliyomtengenezea mama mkwe wake mwaka ambao macho ya mama yalizima. Kadi ambayo mpaka asubuhi hiyo angeapa iko chini ya kitanda cha mama, ndani ya boksi la viatu, pamoja na nyingine zote. Sasa ilikuwa inauzwa.

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Wino kwa kalamu zinazolala nyuma ya masikio yake yote mawili, alikuwa ametoka tu kumwambia, "Unamtaka anayezitengeneza? Subiri kidogo, huyo anaingia."

Aliyeingia alikuwa wifi yake.

Naam, wifi. Dada wa mumewe. Yule aliyerudi kwa mama yake na begi moja baada ya ndoa kumshinda, akakuta kitanda kimetandikwa na Fundi Kadi, na sahani yake imefunikwa na Fundi Kadi. Yule aliyefundishwa na Fundi Kadi huyo huyo, mkono juu ya mkono, namna ya kupitisha kalamu iliyoisha wino kando ya rula ili karatasi ngumu ikunjike bila kupasuka mgongo.

Kwapani alikuwa na boksi la viatu.

Miguu ilimsita kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kokoto. Kisha akatabasamu.

"Wifi, kumbe umenitangulia. Si nilikwambia leo mzigo mdogo, nitaubeba mwenyewe?"

Mzee Wino akachangamka. "Huyu ndiye msaidizi wako?"

"Ndiye. Mkasi anaujua. Nikichoka, ananikatia."

Fikiria mtu anakuvua nguo zako hadharani, anazivaa, kisha anakuuliza zimemkaaje.

"Wifi," Fundi Kadi akasema hatimaye, "hii kadi umeitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Nyumbani kwetu," akajibu, na hilo "kwetu" akalitamka kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino.

Fundi Kadi hakuwa mtu wa kelele. Hata sokoni alikuwa akipunjwa kwa sababu ya upole. Lakini siku hiyo alijikaza. Alijua kitu kimoja ambacho wifi yake hawezi kukijua, na kitu hicho kilikuwa chini ya kidole chake wakati huo huo.

"Mzee, naomba nimuulize fundi wako swali moja."

"Muulize. Maswali hayapandishi bei."

"Hapa kwenye kona kuna kifundo cha uzi. Kuku yuko katikati, kashonwa vizuri, manyoya ya kitambaa, miguu ya kijiti. Sasa huku pembeni kabisa, fundo la peke yake. La nini?"

Ngoja nikwambie, msomaji, kwa nini aliuliza akiwa na uhakika kiasi hicho.

Mama mkwe alipopoteza macho, aliwakataza watu kumsomea kadi. "Nikisomewa, ni sauti yako ninayosikia," alisema. "Nataka nisome mwenyewe." Fundi Kadi akahangaika. Akaanza na punje za mchele zilizobandikwa kwa gundi, zikapukutika mapajani mwa mama kama mba. Akajaribu mchanga. Akajaribu vifungo vya shati. Mwisho akashika sindano: akatoboa matundu juu ya taulo lililokunjwa, akapitisha uzi mnene, akafunika mgongo kwa karatasi ya pili ili mafundo yasionekane. Akatokea kuku mwenye tumbo la kuparuza. Akampa mama.

Mama akaipapasa, akaipapasa, akasema, "Ahsante mwanangu. Birika zuri sana."

Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia hapo kila kadi, hata ile ya kuku, ikawekewa fundo moja kwenye kona ya juu, mkono wa kulia. Kidole kikikutana nalo, kadi imekaa sawa. Siri hiyo walikuwa nayo watu wawili. Hata mumewe, fundi bomba ambaye kazi ilikuwa imempeleka mji wa mbali, hakuwahi kuijua.

Basi Fundi Kadi akasubiri wifi yake ababaike.

Wifi hakubabaika. Alichukua kadi, akafumba macho, akaigeuza kama anayetafuta njia.

"Mtu asiyeona hajui juu ni wapi na chini ni wapi," akasema kwa sauti ya kufundisha. "Fundo linamwambia. Ukilikosa hilo, Mzee, kuku anageuka birika."

Kuku anageuka birika.

Fundi Kadi akafa ganzi. Kuku na birika kilikuwa kicheko chao, yeye na mama, cha chumba kile na siku ile. Sasa kilikuwa juu ya kaunta, kati ya stapla na mabunda ya bahasha.

"Si umesikia?" Mzee Wino akamgeukia. "Ndiyo maana Mwalimu Mkuu wa ile shule ya watoto wasioona anakuja hapa saa kumi. Alipata moja ya kadi hizi, akasema anamtaka aliyeitengeneza awe mwalimu wa kazi za mikono. Anamwajiri moja kwa moja. Leo anakuja kumsikia kwa masikio yake, Jumatatu mtu anaanza."

Mwalimu.

Fundi Kadi alikuwa amesoma masomo ya jioni na mtoto mgongoni. Alikuwa akitikisa mguu huu kumbembeleza na mkono huu unaandika. Kila mtu nyumbani alijua anachokitafuta: siku moja asimame mbele ya watoto, waseme shikamoo mwalimu. Wifi alijua zaidi ya wote. Usiku wa mtihani ndiye aliyembeba mtoto.

"Wifi," dada wa mumewe akasema, akifungua boksi lake na kuzipanga kadi kama karata, "wewe tangulia nyumbani ukamwangalie mama. Mimi nitachelewa."

Naye akaenda. Usimcheke. Miguu ilimpeleka yenyewe.

*

Njia nzima hasira yake haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa kwa ajili ya mama.

Alimwona mama akiinama, akivuta boksi chini ya kitanda, akiingiza mkono, asikute kitu. Alimwona wifi akimlainisha mzee wa watu kwa maneno matamu mpaka akamtoa siri ya fundo, kisha akasubiri alale ili azoe kadi zote. Kumwibia asiyeona. Kumwibia mama yake mzazi.

Nitamwambiaje? aliwaza. Taratibu. Nimkalishe kwanza. Nimshike mkono.

Mama mkwe alikuwa pale pale anapokaa siku zote, kwenye kiti cha dirishani, uso umeelekea jua. Chini ya meza ya kazi mjukuu wake, binti wa miaka mitatu, alikuwa anajibandika masalia ya karatasi kwenye magoti.

"Umerudi mapema," mama akasema.

Fundi Kadi akapiga magoti mbele ya kiti, akaichukua mikono ya mama. Kumbuka kwamba mama yake mwenyewe alimzika akiwa bado mtoto wa shule. Mikono hii ndiyo iliyompokea kwenye mlango wa ndoa, ikamwita mwanangu kabla hajavua viatu.

"Mama, nina neno. Usishtuke. Wifi amekuibia."

"Ameniibia nini?"

"Kadi zako. Nimezikuta dukani. Zinauzwa, na anasema amezitengeneza yeye. Kuku yuko pale, Mama. Kuku wetu."

Mikono ya mama ikawa mizito, kisha ikajitoa, polepole, kama mtu anayeondoa vyombo mezani.

"Hakuniibia," akasema. "Nilimpa."

Fundi Kadi hakuelewa. "Ulimpa aziangalie?"

"Nilimpa azifanye zake. Na fundo nilimwambia mimi. Na birika nilimwambia mimi. Alisema wataulizia mambo ya ndani, awe na la kujibu."

"Mama."

"Zilikuwa zangu, si ulinipa? Kitu ukishampa mtu, hapangiwi."

"Nilikupa kadi, Mama. Sikukupa mikono yangu."

Mtoto chini ya meza akauliza gundi imeenda wapi.

Mama akavuta kanga yake begani. Hakuwa na sauti ya mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma Fundi Kadi zaidi. Alikuwa anaongea kama mtu anayegawa chakula na kueleza kwa nini kipande hiki kimeenda sahani ile.

"Wewe una mume. Una mtoto. Masomo umemaliza, cheti unacho. Kazi utapata, leo au kesho. Yule mwanangu ana nini? Amerudi na begi. Watu wanamcheka wakimwona na ndoo barabarani. Nimesikia kuna kazi ya heshima, nikasema hii imwinue. Wewe una moyo mpana, utaelewa."

"Ulijua kuhusu kazi ya ualimu?"

"Mimi ndiye niliyemwambia apeleke kadi moja kule shule."

Hapo sasa, msomaji. Unadhani umeshapigwa, kumbe ule ulikuwa mkono wa kushoto.

"Na mimi, Mama?" Fundi Kadi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya msichana wa shule aliyesimama kaburini. "Mimi ni nani kwako?"

Mama mkwe hakuchelewa kujibu.

"Wewe ni mke wa mwanangu."

*

Kuna wanawake ambao wangevunja sahani. Wengine wangempigia mume simu palepale, wamwage yote na ya juzi. Fundi Kadi alinyanyuka, akaenda kwenye meza ya kazi, akavuta kadibodi.

Alilaza kiganja chake cha kushoto juu yake na kukizungushia penseli.

Alikata kwa wembe, si kwa mkasi, maana mkasi unatafuna kona. Kidole gumba akakibandikia msasa. Cha pili, kadibodi ile ya mawimbi inayotoka kwenye maboksi. Cha tatu, kitambaa cha shati kuukuu la mumewe. Cha nne akakishona chote kwa uzi, mstari kwa mstari, akatoboa kwa nguvu mpaka sindano ikamwingia, akajinyonya damu akaendelea. Kidole kidogo akakiacha karatasi laini, tupu. Katikati ya kiganja akaweka viringo vya karatasi nyembamba, vilivyozungushwa kwenye kijiti cha meno vikakaa kama magamba ya konokono. Pembeni akachovya majani kwenye rangi na kuyachapa, kwa sababu hata kadi ya vidole hakupenda itoke mikononi mwake bila kupendeza.

Mwisho kabisa, kona ya juu, fundo.

"Unatengeneza nini?" mama akauliza kutoka dirishani.

"Kadi."

"Ya nani?"

"Ya mtu anayejua kusoma."

Akambeba mtoto, akampeleka kwa mshonaji wa jirani, akamwomba amshikie kidogo. Jirani akamtazama usoni, akataka kusema neno, kisha mashine ikakwamisha uzi, akainama.

Aliporudi, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Fimbo ya mama haikuwepo mlangoni. Viatu vyake vizuri navyo havikuwepo.

Wifi alikuwa amekuja kumchukua.

Fundi Kadi akaikumbatia kadi yake, gundi bado mbichi, akatoka mbio.

*

Duka lilikuwa limenyamaza kama darasa. Mzee Wino alikuwa ameleta viti. Kwenye kimoja alikaa mama mkwe, amevaa gauni lake la sherehe. Nyuma yake alisimama wifi, mkono begani kwa mama. Mbele yao alikaa mwanamke mnene mwenye fimbo nyeupe iliyokunjwa mapajani, kadi ya kuku viganjani. Vidole vyake kumi vyote vilikuwa vinatembea juu yake kwa pamoja, vyepesi, kama vinacheza kinanda.

Naye haoni, Fundi Kadi akagundua. Mwalimu Mkuu mwenyewe haoni.

"Nani ameingia?" Mwalimu Mkuu akauliza. "Anahema kama amefukuzwa na mbwa."

"Msaidizi wangu," wifi akawahi.

"Mwalimu, shikamoo," Fundi Kadi akasema. "Mimi si msaidizi wa mtu. Nimekuja kukuonyesha kadi."

"Marahaba. Lakini mimi usinionyeshe, utajichosha bure. Nipe."

Mzee Wino akacheka kidogo, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

Mwalimu Mkuu akakuta fundo, akaigeuza kadi ikakaa. Akaanza kidole kimoja kimoja. Kwenye msasa akatabasamu. "Huyu anaosha masufuria." Kwenye kitambaa: "Huyu ana mume." Kwenye uzi alikaa muda mrefu. Alipofika kidole kidogo, kile kitupu, vidole vyake vikasimama.

"Na hiki?"

"Hicho bado hakijapata kitu, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu akaichukua ile ya kuku, akaweka kadi zote mbili mapajani, mkono huu kwenye hii, mkono huu kwenye ile.

"Kazi hizi ni za mkono mmoja," akasema. "Uzi umevutwa kwa nguvu ile ile. Matundu yamepishana kwa nafasi ile ile. Sasa niambieni, kati yenu wawili nani ananifanya mtoto?"

"Nimemfundisha mimi," wifi akasema haraka. "Lazima afanane na mimi."

"Nimemfundisha mimi," Fundi Kadi akasema.

"Mnaona? Hata kusema mnasema sawa." Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa. "Ningewapa sindano mshindane, lakini wote mnajua kushona. Sindano haitaniambia nani alianza. Mimi sitafuti mshonaji tu. Watoto wangu wamedanganywa sana na watu wenye macho. Natafuta aliyekaa akamfikiria mtu asiyeona mpaka akapata hili fundo." Akageuza uso. "Mama, wewe ndiye msomaji. Hizi kadi ulitengenezewa wewe. Nani alikutengenezea?"

Mama mkwe akalamba midomo.

"Binti yangu."

"Wako wawili hapa na wote wanakuita mama. Nisaidie. Nyanyuka umwekee mkono."

Mzee Wino akataka kumsaidia, Mwalimu Mkuu akamzuia kwa fimbo. "Mwache. Ajitafutie."

Mama akanyanyuka. Akanyoosha mikono mbele, akapiga hatua za kuvuta miguu. Mkono wa kwanza uliokutana naye ulikuwa wa Fundi Kadi.

Akaushika.

Vidole vya mama vikapita juu ya ncha zilizotobolewa na sindano, juu ya gundi iliyokauka kwenye kucha, juu ya kovu la wembe kwenye kidole gumba. Mkono huu alikuwa anaujua. Ndio uliomlisha uji alipougua, ukamfunga vitambaa vya macho, ukamwongoza msalani wiki zile za kwanza bila hata siku moja kuguna. Akaubana. Akaubana kweli, kama zamani.

Fundi Kadi akasahau yote. Moyo ukamwambia, mama amerudi.

Kisha mama akauachia. Akapiga hatua moja zaidi na kuweka kiganja kwenye bega la wifi.

"Huyu."

"Una hakika, mama?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Nimemzaa. Nitamkosaje? Huyu mwingine ni mke wa mwanangu. Alikuwa anashika mkasi tu."

Wifi aliangalia chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo tabasamu lake halikujua pa kukaa.

"Basi," Mwalimu Mkuu akasema, akikunjua fimbo. "Mtu anaweza kunidanganya mimi. Sidhani kama kuna anayeweza kusema uongo juu ya kitu alichopewa kwa mapenzi akiwa gizani. Dada, Jumatatu asubuhi uje, watoto watakusubiri." Akainyoosha kadi ya kiganja mpaka ikamgusa Fundi Kadi. "Na wewe, mke wa mwana, shika. Kipaji unacho. Usikitumie kumpokonya mwenzako riziki."

Fundi Kadi akapokea. Alikuwa na maneno, msomaji, yalijaa mpaka kooni. Angeweza kuapa. Angeweza kumwambia mwanamke yule asubiri mpaka mume arudi. Lakini kumthibitishia angelazimika kusema mbele ya watu kwamba mama huyu mzee, mwenye gauni la sherehe, amesema uongo. Akajaribu kulitoa neno hilo. Likakataa. Alikuwa amemwita mama kwa muda mrefu mno.

Mwalimu Mkuu akaongozwa na Mzee Wino hadi chumba cha nyuma kutia sahihi karatasi za ajira. Wifi akawafuata bila kugeuka.

Wakabaki wawili.

"Nishike mkono," mama mkwe akasema. "Humu joto. Nitoe nje nipate hewa."

Na yeye akamshika. Mwili ulikuwa umezoea: kiwiko hivi, hatua hivi, "Mama, ngazi." Wakasimama nje chini ya kivuli cha paa, watu wakipita na vikapu vyao, mwanamume mmoja anasukuma baiskeli yenye gurudumu bovu.

"Umeninunia," mama akasema.

"Sijanuna."

"Najua nimekuumiza. Lakini wewe ni mtu wa kuvumilia. Yule angevunjika."

"Kwa hiyo ukaona mimi ndiye wa kuvunjwa."

Mama akashusha pumzi. Akapapasa hewani, akaupata mkono wake, akaupigapiga kama anavyopigwapigwa mtoto anayekataa kulala.

"Tutaongea nyumbani. Mumeo akirudi usimwambie kwa hasira, mwambie kwa utaratibu. Tena sasa hivi tunapita barabarani, watu wasione tumegombana. Jiweke sawa." Akainamia sikio lake, kwa sauti ile ya upole ambayo Fundi Kadi aliipenda kuliko sauti zote duniani. "Jifute hilo shavu kwanza. Lina rangi ya kijani."

Fundi Kadi akapeleka mkono shavuni bila kufikiri.

Kidole kikarudi na rangi ya kijani, ile aliyokuwa anachapia majani mchana. Hakuna aliyemwambia. Jirani alinyamaza, Mzee Wino alinyamaza, wifi alinyamaza. Rangi ilikuwa imekauka, haina harufu, na mama hakuwa amemgusa uso tangu asubuhi.

Akakiinua kile kidole mbele ya uso wa mama mkwe wake, kimya. Akakipeleka polepole upande wa kulia.

Macho ya mama yakakifuata.